Lipu ya ukuta wa nje kwa nyumba za Mtwara na Lindi: kuanzia mchanga hadi rangi

Ukipita mitaa ya Mtwara mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinapiga, kuta zinajieleza zenyewe. Huu umebanduka rangi kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Ule una nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Mwingine umevimba chini ya dirisha na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia mvungu. Muulize mwenye nyumba, atakwambia saruji ilikuwa mbovu. Mimi kuta nilizozibandua kwa tindo ni nyingi, na saruji ndiyo niliyoikuta na hatia mara chache kabisa. Nilichokikuta ni mchanga wenye chumvi, ukuta uliopigwa lipu ukiwa na kiu, na lipu iliyonyimwa maji kuanzia siku ya pili.

Somo hili nililinunua kwa bei. Ukuta wangu mwenyewe wa kwanza, pale Chuno, hapa Mtwara, ulipigwa lipu kwa mchanga mweupe, msafi wa kutazama, ulioletwa na dereva wa tipa kwa bei iliyonifanya nimshukuru mara mbili. Masika ya pili rangi ilianza kutoka malengelenge, na chini yake kukawa na unga mweupe wa chumvi. Nililipa kibarua kubandua, nikanunua mchanga upya, nikamlipa fundi tena. Kwa hiyo ukisoma mbele na kuona nimekaa sana kwenye mchanga, ujue sababu.

Neno moja kabla hatujaanza: wengine wanasema plasta, wengine lipu. Ni kitu kimoja, nami nitasema lipu.

Ukuta wako umejengwa na nini?

Kabla ya kuuliza bei ya saruji, angalia ukuta. Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba lipu isiwe ngumu kuliko ukuta inaoukalia. Lipu kali juu ya ukuta laini husinyaa inapokauka, ikauvuta ukuta, ukuta ukashindwa kuishika, ikaachia vipande kwa vipande. Watu wengi wanaamini kuzidisha saruji ni kuzidisha uimara. Kwa nguzo labda. Kwa lipu ya nje, saruji ikizidi unanunua nyufa.

Tofali za saruji ndizo nyingi mijini siku hizi, hasa tangu kiwanda cha Dangote kilipoanza kuzalisha saruji hapa Mtwara mwaka 2015. Tofali hizi zinatofautiana sana. Kuna za kufyatuliwa kwa mashine zikamwagiliwa wiki nzima, na kuna zile ambazo mfuko mmoja umetolewa tofali nyingi mpaka pembe yake inavunjika ukiibana kwa vidole. Kwa tofali nzuri, uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 5 unafaa. Kwa tofali dhaifu nenda 1 kwa 6, na ikiwezekana uongeze chokaa.

Tofali za kuchoma, ambazo utazikuta zaidi ukienda bara upande wa Masasi na Nachingwea, zinakunywa maji kupita kiasi. Hizo zinahitaji kuloweshwa vizuri na mchanganyiko wenye chokaa.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mikindani na Kilwa Kivinje, ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usizipige lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe unapumua: unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukiuvika saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka kadhaa lipu inabanduka ikiwa imebeba na nyama ya ukuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yalijengwa na watu wasiojua saruji hata kwa jina, na yamesimama karne nyingi mbele ya bahari ileile inayotutoa sisi malengelenge. Kwa kuta hizo tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka nyembambanyembamba, na subira. Kama nyumba iko ndani ya eneo la mji mkongwe, waulize kwanza watu wa mambo ya kale kabla hujagusa chochote.

Nyumba ya miti na udongo, au ya tofali mbichi, nayo haipendi saruji tupu. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga, ikamaliziwa na chokaa ya kupaka, itahitaji kurudiwa kila baada ya misimu michache, lakini kuirudia ni kazi ya siku moja na majirani wawili. Ya saruji juu ya udongo hudumu mwaka, kisha huanguka kama ganda la yai.

Kumalizia kwa namna gani?

Lipu ya kusugua kwa mbao ndiyo ninayopendekeza kwa nyumba nyingi. Uso wake una ukakasi kidogo, rangi inashika, na nyufa ndogo hazionekani.

Niru, ile ya kumwagia saruji kavu au uji wa saruji juu ya lipu na kulainisha kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae, iache ndani, au sakafuni. Nje jua linaipasua utando wa buibui kwa sababu tabaka la juu ni saruji tupu, kali kuliko lipu iliyo chini yake. Najua mafundi wengi wanaipenda, na mwenye nyumba anapenda kupitisha kiganja na kuhisi ulaini. Baada ya mwaka atapitisha kiganja na kuhisi mistari.

Rafukasti, yaani kurusha mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) yenye kokoto ndogo, inastahimili mvua ya upepo kuliko zote na inaficha makosa ya fundi. Kasoro yake ni vumbi: ukiwa kando ya barabara ya udongo, nyumba nyeupe itakuwa nyekundu kabla ya Idi. Tairoli, yaani kurushia mota nyepesi ukutani kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, iko katikati, nayo ni nzuri kwa upande unaotazama bahari.

Jasi usiitoe nje hata kwa ofa. Kilwa tunachimba jasi, dari zetu tunazipamba kwa jasi, lakini jasi na mvua havikai nyumba moja. Hata ile pati ya unga ya kulainishia kuta, soma mfuko: kama haukuandikwa wazi kwamba ni ya nje, ni ya ndani.

Mchanga

Mchanga wa ufukweni hapana. Hata ukiambiwa umenyeshewa mvua tatu, hapana. Chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta wa namna hiyo unatota asubuhi hata siku isiyo na mvua. Ikikutana na nondo za nguzo na za linta, yaani zege la juu ya milango na madirisha, chumvi hiyohiyo inaharakisha kutu, na kutu inavimba na kupasua zege. Tena kuchota mchanga ufukweni ni kuusogeza mji karibu na maji.

Mchanga wa mto ni mzuri ukichotwa mbali na mdomo, kule ambako maji ya bahari hayapandi wakati wa bamvua. Mto kama Lukuledi unapokaribia Lindi unachanganyika na bahari, kwa hiyo swali la kumuuliza dereva si «mchanga wa mto?» bali «umechota wapi?» Mchanga wa shimo nao unafaa, ila mara nyingi una udongo mwingi.

Fanya vipimo vitatu kabla tipa halijamwaga. Cha kwanza, chukua mchanga wenye unyevu, usugue viganjani, uutupe. Viganja vikibaki vimepakwa matope, una udongo. Cha pili, weka mchanga nusu ya chupa ya kioo iliyonyooka, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10, tope lisizidi milimita 6 hadi 8. Cha tatu ni cha chumvi. Loweka mchanga kwenye maji safi kidogo, chuja, anika maji hayo juani kwenye sahani nyeusi. Yakikauka na kuacha ukoko mweupe, mwambie dereva ageuze gari. Wazee wanaonja kwa ulimi, na ulimi wao haudanganyi, ila mimi napendelea sahani.

Punje nazo ni muhimu. Mchanga mwembamba kama unga unataka maji mengi, na maji mengi ni kusinyaa kwingi. Mchanga wa lipu uwe na punje mchanganyiko, mkubwa wake usizidi milimita 5. Uchekeche kwa wavu kuondoa kokoto na mizizi, na kwa tabaka la mwisho chekecha mara ya pili kwa wavu mwembamba zaidi.

Maji yafuate sheria ileile. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya magadi au chumvi. Kama huwezi kuyapikia chai, usiyachanganyie lipu.

Hesabu

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 9, ukuta wa mita 3 kwenda juu. Mzunguko ni mita 38, mara 3 ni mita za mraba 114. Toa madirisha na milango, ongeza kingo zake za pembeni, utabaki na takriban mita za mraba 100.

Lipu ya unene wa milimita 15 kwa uwiano wa 1 kwa 5, ukihesabu na inayodondoka chini na mabonde ya ukuta, itakula mifuko 11 hadi 12 ya kilo 50 na mchanga kama mita za ujazo 2. Kwa tabaka mbili zinazofikia milimita 20, fikiria mifuko 15. Kurushia tabaka la kwanza la kushikia, nitakalolieleza chini, kunaongeza mifuko 3 au 4. Fundi akikuorodheshea mifuko 30 kwa nyumba hii, muulize kwa adabu iliyobaki inakwenda wapi. Pengine ukuta umepinda kweli. Pengine ana kwake anajenga.

Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Kwa hiyo 1 kwa 5 ni mfuko mmoja kwa ndoo 9 za mchanga zilizosawazishwa juu, zisiwe na kilima. 1 kwa 6 ni ndoo 10 na nusu. Ukiongeza chokaa, mchanganyiko ninaoupenda kwa pwani ni saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Chokaa inaifanya mota iwe laini, ishike maji muda mrefu, isinyae kidogo. Iloweke chokaa usiku mmoja kabla ya kuitumia. Ukipata chokaa mbichi ya kuzima mwenyewe, mwaga chokaa kwenye maji taratibu, usimwage maji kwenye chokaa, na watoto wawe mbali, maana inachemka na kuruka.

Saruji ya daraja la nguvu la 32.5, namba utaiona kwenye mfuko, inatosha kabisa kwa lipu. Ya 42.5 iache kwa nguzo na linta. Mfuko ulioganda pembe, ukiubonyeza donge halisagiki kwa vidole, usiupokee.

Lini?

Hapa ndipo Kusini tunapobanwa. Pesa ya korosho inaanza kuingia Oktoba na Novemba minada ikishachangamka, na mvua nazo zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo kila mtu anampigia fundi simu wakati mbaya kuliko wote. Mwezi Desemba fundi mmoja ana nyumba tano, na lipu ya saa nne asubuhi inaoshwa na mvua ya saa nane.

Mwenzangu, ukiwa na pesa hiyo ya Novemba, ezeka. Weka upenu wa kutosha, sentimita 60 au zaidi, kwa sababu upenu mpana unalinda ukuta kuliko lipu yoyote. Nunua mchanga ukauweke, ufunike. Saruji usiinunue mapema: kwenye unyevu wa pwani ikikaa zaidi ya miezi miwili mitatu inapoteza nguvu, hata ikiwa juu ya mbao. Kati ya Januari na Februari mara nyingi mvua hupumzika kidogo, unaweza kupiga upande mmoja mmoja. La sivyo, subiri Juni. Tangu Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, na hasara yake ni Kusi, upepo unaokausha lipu kabla haijakomaa. Lakini upepo unapiganwa kwa maji, mvua haipiganwi.

Ukuta wenyewe uwe umepumzika angalau wiki nne tangu kujengwa, paa liwe juu, mabomba na nyaya za ukutani ziwe zimeshapita. Hakuna kinachoniuma kama fundi umeme anayekuja na tindo wiki moja baada ya lipu.

Kuandaa ukuta

Kazi hii haionekani ikiisha, ndiyo maana inarukwa. Fagia ukuta kwa brashi ngumu, ondoa vumbi, ukungu, mota iliyojitokeza kwenye viungo. Viungo vilivyojaa mpaka usoni vichokonoe kina cha sentimita moja ili lipu ipate pa kung'ata. Zege laini la nguzo, linta na mkanda wa juu ligongegonge kwa nyundo na tindo mpaka liwe na madoa mengi, maana lipu haishiki kwenye zege laini.

Pale zege linapokutana na tofali, ufa ni wa uhakika. Kila kimoja kinatanuka kivyake juani. Ziba mpaka huo kwa wavu wa kuku uliopakwa zinki, upite sentimita 15 kila upande, upigiliwe ukae bapa. Fanya vivyo hivyo kwenye pembe za madirisha kwa kipande cha mshazari, kwa sababu nyufa nyingi za mshazari unazoziona mtaani zimeanzia hapo. Usitumie wavu usio na zinki. Hewa ya bahari itaula na kutu itatoka na kuchora ramani ya wavu ukutani.

Kisha maji. Lowesha ukuta jana yake jioni, na tena asubuhi saa moja kabla ya kuanza. Unataka ukuta ulioshiba, usiochuruzika. Nyunyiza maji kidogo: yakinywewa papo hapo, bado una kiu, yakibaki yakitiririka, umezidisha.

Kurushia

Tengeneza mota ya saruji 1 kwa mchanga mkubwa 2, nyepesi kama uji mzito. Irushe ukutani kwa mwiko au kwa ufagio, kwa nguvu, iache vilevile na nundu zake. Usiilainishe. Unene wa milimita 3 hadi 5, na si lazima ifunike kila mahali. Imwagilie siku mbili. Hili ndilo tabaka pekee ninaloruhusu liwe kali, kwa kuwa kazi yake ni gundi na ni jembamba. Kwa tofali dhaifu au udongo liruke.

Kuweka usawa

Funga uzi kona hadi kona, juu na chini, na tumia timazi kuhakikisha uzi wa juu na wa chini viko kwenye mstari mmoja. Bandika vipande vidogo vya kigae au mbao kwa mota, kimoja juu kimoja chini, kila baada ya mita moja na nusu, uso wao ukigusa uzi. Penye nundu kubwa kabisa ya ukuta, lipu ibaki na unene wa milimita 10. Unganisha kipande cha juu na cha chini kwa ukanda wa mota, uupitishe rula. Sasa una reli mbili, na kati yake unajaza tu.

Ukiona kuna bonde la sentimita 3 au 4, lijaze peke yake siku moja kabla, ulikwaruze, liache likamate. Lipu nene inayowekwa kwa mkupuo mmoja huteleza kwa uzito wake na kuachia nyuma.

Kupiga

Changanya mchanga na saruji vikiwa vikavu, mara tatu, mpaka rangi iwe moja, juu ya sakafu au bati, kamwe si juu ya ardhi. Maji yaingie kidogo kidogo. Changanya kiasi kinachokwisha ndani ya saa moja; juani punguza. Iliyoanza kukakamaa usiiongezee maji kuifufua, itupe kwenye shimo la njia. Na ile tabia ya kutia sabuni ya unga kwenye mota ili iwe laini: inalainika kweli, kwa sababu imejaa mapovu, na mapovu hayana nguvu. Ulaini utafute kwenye chokaa.

Fuata kivuli. Ukuta wa magharibi piga asubuhi, wa mashariki piga alasiri. Anza juu kushuka chini. Rusha mota kwa mkono wenye nguvu, usiipakaze kama siagi, kwa sababu ule mrusho ndio unaotoa hewa nyuma. Jaza kati ya kanda mbili, kisha buruta rula kutoka chini kwenda juu ukiichezesha kushoto na kulia kama msumeno. Mashimo yaliyobaki yajaze, buruta tena.

Je, tabaka moja au mbili? Wengi wetu tunapiga moja, na kwa nyumba iliyo ndani ya mji, yenye upenu mpana, milimita 15 za tabaka moja zinatosha. Ukiwa Shangani ya hapa Mtwara au popote bahari inapokuona, piga mbili. Mvua ikija na upepo inapiga ukuta ubavuni. Waliokuwa pwani ya Lindi wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, wanajua maji yanavyoweza kuja ya kulala. Tabaka la kwanza liwe milimita 10 hadi 12, likwaruzwe mistari ya mawimbi, limwagiliwe siku mbili au tatu, kisha liachwe likauke wiki moja hivi lipasuke nyufa zake zote. La pili, milimita 5 hadi 8, lifunike nyufa hizo, na lisiwe kali kuliko la kwanza.

Kusugua kuna saa yake. Bonyeza kidole: kikiacha alama bila kubeba mota, anza kwa mbao, kwa miduara, ukinyunyiza maji kwa brashi pale panapokataa tu. Ukisugua mapema unaleta saruji na maji juu, uso unakuwa wa kupasuka. Ukichelewa unang'oa mchanga.

Simamisha kazi ya siku kwenye kona au ukingo wa dirisha. Usiishie katikati ya ukuta, kiungo kitaonekana mpaka wajukuu wako wakikiuliza.

Mambo madogo mawili yanayookoa ukuta. Chini ya kizingiti cha dirisha acha mfereji mwembamba ili tone la maji lidondoke badala ya kutambaa ukutani. Na lipu iishe sentimita 15 juu ya ardhi, juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, isigusane na udongo. Sehemu ya msingi ipigwe peke yake, na kando ya nyumba pawe na sakafu nyembamba yenye mwinuko wa kutupa maji mbali. Rangi nyingi zilizobanduka mpaka usawa wa goti zinatokana na lipu iliyoshuka mpaka udongoni na kuvuta unyevu kama utambi.

Kwenye majukwaa, mirunda ifungwe kwa kamba mpya na mbao za kukanyagia ziwe mbili kila mahali. Saidia fundi anayechanganya apate glovu na viatu vya mpira, maana saruji inachubua vidole polepole na hausikii mpaka usiku.

Kumwagilia

Kuanzia asubuhi inayofuata, nyunyiza mara tatu kwa siku, siku 7. Nyunyiza kama umande, usipige ukuta kwa bomba. Tundika viroba au magunia yaliyoloweshwa upande unaopigwa na Kusi. Fundi akishalipwa haji kumwagilia, kwa hiyo makubaliano yawe kwamba sehemu ya mwisho ya malipo inatoka siku ya nane, au kijana wa nyumbani aifanye kazi hiyo ukimwona.

Kwa walio juu, Newala na Tandahimba, ambako maji yananunuliwa kwa dumu, hesabu kabla: nusu lita kwa mita ya mraba, mara tatu kwa siku, siku 7, ukuta wa mita 100 ni lita 1,050. Ukifunika kwa nailoni baada ya kunyunyiza, ukiibana kingo zake, utatumia nusu ya hapo. Piga ukuta mmoja kwa wakati kama tangi ni dogo. Lipu isiyomwagiliwa ni afadhali usingeipiga.

Rangi

Subiri wiki nne. Lipu mbichi ina ukali unaounguza rangi, na unyevu wake unataka njia ya kutokea. Anza na rangi ya msingi inayostahimili ukali wa saruji, kisha tabaka mbili za rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Rangi ya mafuta inaziba ukuta, inatoa malengelenge. Kwa ukuta wa matumbawe tumia chokaa ya kupaka, nyembamba kama maziwa, mara tatu au nne.

Ukiona unga mweupe kabla ya kupaka, usiuoshe kwa maji, unaurudisha ndani. Ufagie ukiwa mkavu, subiri wiki, fagia tena mpaka ukome. Usipokoma, kuna maji yanaingia mahali: bomba, msingi, au paa.

Baada ya masika ya kwanza

Zunguka nyumba na mpini wa nyundo, gonga kila hatua. Panapolia mvungu pazungushie chaki. Kipande kidogo kuliko kiganja kisichopasuka kiache. Kikubwa zaidi kikate kwa mstari mnyoofu wa mraba mpaka kwenye tofali, safisha, lowesha, rushia, piga upya kwa uwiano uleule wa zamani. Nyufa za utando wa buibui hazina madhara, rangi nzito ya nje itazifunika. Ufa wa kulala unaofuata mkanda wa zege unamaanisha wavu haukuwekwa. Ufa wa mshazari unaozidi kupanuka mwezi hadi mwezi si wa lipu tena. Bandika kipande kidogo cha kioo juu yake kwa mota, na kikivunjika mwite fundi wa msingi kabla ya fundi wa lipu.

Na ili kazi hiyo ya kukarabati isikusumbue, andika kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo: ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko, mchanga wa wapi, chokaa kiasi gani, tarehe. Kwangu pale Chuno maandishi bado yanasomeka, pamoja na mstari mmoja niliouongeza baada ya kubandua: «si wa yule dereva».